Madamu Glavu na Korodani za Panzi

Madamu Glavu alikuwa akisalimia kwa kiwiko. Ukimnyooshea mkono, yeye anakunja wake na kukuletea kiwiko kilichofunikwa na koti jeupe, nawe unakigusa kama mtu anayebisha hodi. Wanafunzi walizoea. Ndio waliompa jina hilo, kwa sababu tangu aingie shuleni kuwa fundi wa maabara hakuna aliyewahi kuona viganja vyake bila glavu. Wapo waliosema ana vidole sita. Wapo waliosema eti aliungua kwa asidi. Mikono yenyewe ilikuwa mizuri tu, yenye kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama, ila ilikuwa imepauka kwa kuoshwa mno, kama nguo iliyofuliwa kwa dawa hadi rangi ikakimbia.

Ugonjwa wake ulikuwa kinyaa. Si kile cha kawaida kinachompata kila mtu akikanyaga konokono peku. Chake kilikuwa na historia. Alizaliwa katika chumba kimoja chenye watu wengi kuliko vikombe, na baba yake alikuwa mtafunaji wa tumbaku. Mzee yule hakuwa na desturi ya kutema nje. Alitema kwenye kopo lililokaa chini ya kitanda, mate ya kahawia, mazito, yenye vipande, na kazi ya kulimwaga kopo hilo kila asubuhi ilikuwa ya binti yake wa mwisho. Binti alilibeba huku amegeuza uso, anapumua kwa mdomo. Siku moja akajikwaa kizingitini na kopo likamrukia. Hakuwahi kumwambia mtu mate yale yalimwingia wapi, lakini tangu siku hiyo alikuwa akinawa hadi ngozi inawaka.

Baba alipofariki, mama akafungua banda la kuku sokoni. Alichinja, binti akanyonyoa. Kama hujawahi kunusa manyoya ya kuku yaliyotoka kwenye maji ya moto, shukuru. Ni harufu ya mbwa aliyelowa iliyochanganyika na yai viza, na inakaa kwenye nywele hata ukizikosha. Halafu kuna matumbo. Ndani ya kuku jike, karibu na uti wa mgongo, binti alikuta mayai machanga ambayo bado hayajavaa ganda, ya manjano tupu, yameshikana kwenye kamba moja, kubwa, dogo, dogo zaidi, hadi yale ya mwisho yaliyolingana na kichwa cha pini. Mama aliyaweka pembeni kwenye kisahani kwa wateja waliokuwa wakiyapenda. Binti alipoyagusa mara ya kwanza moja lilipasukia kwenye kiganja chake, vuguvugu, na akatapika kwenye ndoo ya manyoya. Mama alimwambia ayatoe yale manyoya yaliyochafuka na aendelee.

Kilichomwokoa ni kemia. Shuleni aligundua kwamba kuna vitu duniani ambavyo ni safi: chumvi zinazometa, vioo, maji yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakawa maji tena. Unachanganya hiki na kile, rangi inabadilika, hakuna kinachotoa ute. Alisoma hadi akapata cheti cha ufundi wa maabara. Akaolewa na fundi baiskeli ambaye mikono yake ilikuwa myeusi wiki nzima, na watu wakashangaa anavumiliaje. Yeye hakuona ajabu. Grisi ni ya chuma, aliwaeleza, haikutoka ndani ya mtu.

Wifi yake ndiye hakumpa raha. Huyu alikuwa dada mdogo wa mumewe, mwanamke wa mdomo, aliyekuwa akipita kila Jumapili kuangalia kama tumbo la wifi yake limesogea mbele. Likiwa halijasogea, anakaa na kuanza.

"Hivi wifi, wewe ukizaa mtoto utamshika kwa koleo?"

Watu chumbani walicheka, mume naye akacheka, kisha alipoona uso wa mkewe akajifanya anakohoa. Madamu Glavu aliona ni swali la haki.

Kazi ya shule aliipata kwa majaribio, maabara ya kemia peke yake. Hebu fikiria mtu kama huyo anapewa chumba chenye sinki lake, bomba lake, sabuni asiyochangia na mpangaji mwingine, na ufunguo. Wiki za mwanzo alikuwa akifika kabla ya kengele ili tu asimame katikati ya meza zile zilizofutwa na kusikiliza ukimya wake. Alifuta chupa ambazo hazikuwa na vumbi. Alipanga testitubu kwa urefu. Alisema moyoni kwamba hapa ndipo atakapozeekea.

Kisha fundi wa biolojia akahama, na mkuu wa shule, mama asiyepoteza maneno, akamwita ofisini. Alimwambia kuanzia sasa maabara zote mbili ni zake. Alimwambia pia kwamba mkaguzi anakuja, na atakaa kwenye somo la vitendo la biolojia, kwa sababu mara iliyopita somo hilo lilikuwa aibu tupu. Likienda vizuri, fundi anathibitishwa kazini. Likienda vibaya tena, nafasi yenyewe inafungwa na kila mtu ashike njia yake.

Njia ya Madamu Glavu ilijulikana ilikoelekea. Alipompitia mama yake sokoni kumpa habari, mama alisikiliza huku amemshika jogoo miguu, akaguna, akamwambia kwa upole kabisa, kama anayemfariji, "Ndoo yako ya manyoya bado ipo, mwanangu. Sijampa mtu."

Sasa, kuhusu mwalimu wa biolojia. Alikuwa mtu wa furaha, shati limechomoka nyuma, na mfuko wa koti lake haukukosa karanga. Alitafuna akifundisha, alitafuna akisahihisha, alitafuna akipasua chura. Mkono uliotoka tumboni mwa chura ndio huohuo uliorudi mfukoni. Chai yake aliinywea kwenye bika, kile kikombe cha kioo cha kupimia dawa, na wembe wa maabara aliupangusa kwenye suruali, juu ya goti, mahali ambapo palikuwa pamefanya doa gumu linalong'aa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Karanga na walimpenda sana. Madamu Glavu alipomwona mara ya kwanza akilamba kidole kilichokuwa kimegeuza ini la sungura, alitoka nje, akasimama juani, akahesabu majani ya mti.

Somo lenyewe lilihusu namna mwili wa binadamu unavyotengeneza seli za uzazi. Mwalimu alilifundisha siku chache kabla ya ukaguzi, na Madamu Glavu alikuwa nyuma ya darasa akipanga vioo vya hadubini, masikio yamesimama ingawa hakutaka. Mwalimu alisema seli za kawaida, za ngozi kwa mfano, zinajigawa kwa haki. Seli inanakili kromosomu zake zote arobaini na sita, halafu inajikata mara moja, na kila upande unaondoka na arobaini na sita kamili. Ndiyo maana kidonda kinafunga. Lakini ndani ya korodani na ovari kuna seli zenye tabia nyingine. Zinanakili mara moja, kisha zinajikata mara mbili, kwa hiyo kila kinachopatikana kinakuwa na nusu tu, ishirini na tatu. Na kabla ya kuachana, kromosomu zilizotoka kwa baba na zile zilizotoka kwa mama zinalala pamoja, zinakumbatiana, zinabadilishana vipande.

Msichana mmoja aliuliza kama haziwezi kubadilishana bila kugusana. Darasa likacheka. Madamu Glavu hakucheka, maana ndilo swali alilokuwa nalo.

Mwalimu akanogewa. Akasema kiwanda cha mwanamume hakifungwi, kinafanya kazi tangu ujana hadi uzee. "Hata babu yako aliyesinzia pale kwenye kochi," alimwambia mvulana wa mbele, akitupa karanga mdomoni, "kiwanda kinaendelea." Darasa zima likatoa mguno kama ng'ombe mmoja mkubwa. Cha mwanamke, akaendelea, ni kinyume. Mayai yake yanaanza kutengenezwa kabla hajazaliwa, yanafika katikati ya kujigawa, yanasimama, yanangoja miaka na miaka. Maana yake yai ulilotokea wewe lilianza mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Na linapomaliza safari yake haligawanyi sawa kwa sawa. Linabaki moja nono lenye chakula chote, wenzake wanakuwa vipunje visivyo na kazi, vinatupwa.

Yule mvulana wa mbele alilaza kichwa kwenye dawati. Madamu Glavu, huko nyuma, aliiona tena kamba ile ya manjano iliyokuwa ndani ya kuku, kubwa, dogo, dogo zaidi. Akajikuta ameweka mkono tumboni kwake mwenyewe, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria.

Kwa kuwa huwezi kumwomba binadamu akupe korodani yake ukaiangalie, shule zinatumia panzi dume. Kromosomu zake ni chache na kubwa, zinaonekana. Unampasua mgongoni, karibu na mkia, unakuta kifungu cha vijirija vya rangi ya manjano. Unakitoa kwa kibano. Unakitia kwenye mchanganyiko wa spiriti na asidi ya siki, kinalala humo. Kesho yake unachukua kipande kidogo, unakitia rangi nyekundu, unaweka juu yake kioo chembamba kama ganda la kitunguu, unafunika kwa karatasi ya kunyonya maji, halafu unaminya kwa kidole gumba, wima, bila kusogeza, hadi seli zitandazike. Ndiyo kazi yote. Mtu asiye na kinyaa anaifanya akipiga mluzi.

Siku moja kabla ya mkaguzi, Mwalimu Karanga alileta panzi kwenye mkebe wake wa chakula. Mkebe aliokuwa ameulia mchana, ambao hakuusuuza. Madamu Glavu alivaa glavu juu ya glavu, akafunga kitambaa puani, akapasua. Vijirija vilitoka vikiwa vimeshikana na mafuta na kitu kama makamasi, na kuna kipande cha utumbo kilichojitokeza chenyewe, kijani, kikapasuka na kutoa majani yaliyotafunwa nusu. Alikimbilia dirishani mara mbili. Alipomaliza akaviangalia vile vitu kwenye kisahani, vimelowa, vinang'aa, akaona hawezi kuviweka kwenye chupa zake vikiwa namna ile. Akafanya kile ambacho mtu wa aina yake pekee angefanya. Alizichukua korodani za panzi akaziosha kwa maji ya bomba na sabuni. Akazisuuza. Akaziosha tena. Akaziacha kwenye maji safi zitakate vizuri huku akisugua meza.

Alipoziweka chini ya hadubini hakukuwa na seli. Kulikuwa na ukungu mwekundu. Mwalimu alikuja akaangalia, akasogeza kioo, akaangalia tena.

"Dada, umenipikia supu. Umezifanya nini?"

"Nimeziosha."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

Mwalimu alicheka hadi karanga ikamtoka na kuanguka kwenye meza iliyosuguliwa, imetafunwa, ina mate. Kisha akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba seli ile ina chumvi ndani yake, ukiitia kwenye maji matupu inayanywa, inavimba, inapasuka. Kila kilichokuwa ndani kinamwagika. Alisema safi ya chooni na safi ya kwenye hadubini si kitu kimoja. Madamu Glavu alijisikia vibaya zaidi kwa sababu hilo alilijua, lilikuwa kwenye kemia, chumvi na maji. Alilisahau kwa sababu alikuwa na haraka ya kuondoa ute. Na sasa panzi wote wameisha, mkaguzi ni kesho asubuhi, na mwalimu ana vipindi hadi jioni.

Alichukua wavu akaenda nyuma ya uwanja wa mpira ambako majani hayakufyekwa. Wanafunzi waliokuwa mazoezini walimwona akirukaruka na koti lake jeupe, wakaacha mpira, wakawa wanamshangilia kila akimkosa mmoja. Aliwakamata. Dume ni mdogo, mkia wake umejikunja juu kama mtumbwi. Jike ana ncha mbili ngumu nyuma. Aliwachagua mmoja mmoja, wakimpiga mateke kwenye vidole kwa ile miguu yenye misumeno, na kila teke lilipopenya kwenye glavu nywele zilimsimama.

Mmoja akatema. Panzi ukimbana anatema, ni silaha yake. Maji ya kahawia, mazito, yalimtoka mdomoni yakaruka juu ya glavu, yakateremka kwenye ngozi, pale kwenye kifundo cha mkono ambako hakuna kinga. Madamu Glavu aliyatazama. Yalikuwa rangi ileile. Yalikuwa na vipande. Hata harufu, majani machungu yaliyoroweka kwenye mate, ilikuwa ya chini ya kitanda cha baba yake. Alishika nguzo ya goli akatapika kila alichokula na ambacho hakula. Kipa alimuuliza kwa sauti ya adabu kama amletee maji, naye akapunga mkono kukataa. Ule mwingine ulikuwa bado umemshika panzi. Hakumwachia.

Jioni, vijirija vipya vikiwa vimeshalazwa kwenye spiriti bila kuoshwa, alirudi nyumbani akasugua kifundo kile kwenye beseni hadi kikawa kama cha kuchubuka. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akitengeneza mnyororo wa baiskeli, akamwambia ngozi yenyewe ataimaliza. Akamuuliza mambo ya shule. Mkewe akamwambia yote, supu, wavu, goli. Kisha akasema jambo lililokuwa linamkaa tangu siku ya somo.

"Mwalimu anasema nusu yangu ni ya baba."

"Na nusu ya mama."

"Ya mama ina manyoya ya kuku."

Mume akacheka. Akamwambia basi kesho amwombe huyo mwalimu aitoe ile ya baba aitupe. Madamu Glavu akamjibu kwa uzito kwamba haiwezekani, imeingia kila mahali, iko kwenye kila seli, hata hii ngozi anayoisugua. Ukiimaliza hii, itakayoota chini yake itakuwa na mzee ndani. Mume alijifuta grisi kwa tambara, akamshika mkono kwenye beseni na kumwambia maji yamepoa.

Asubuhi mkaguzi alikuwa ameshakaa nyuma ya maabara kabla ya kengele. Mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani, uso ambao hausemi kitu. Mkuu wa shule alikaa karibu naye. Wanafunzi waliingia kimya kuliko kawaida. Mwalimu Karanga alieleza mgawanyiko tena kwa kifupi, akakata mikia ya panzi hai waliosalia kuonyesha korodani zinakokaa, akatafuna karanga moja tu, kwa siri, kisha akasema fundi ataandaa sampuli mbele ya darasa, kila mtu aone.

Boksi la glavu nyembamba lilikuwa limekwisha. Alizimaliza jana, zile za juu ya nyingine. Zilizobaki ni glavu nene za kuoshea vyombo, za mpira wa manjano. Madamu Glavu alizivaa. Akatoa kijirija kwenye spiriti, akakitia rangi, akaweka kioo chembamba, akaweka karatasi, akaminya. Kioo kikalia, kikapasuka. Akaandaa kingine. Kikapasuka nacho. Kupitia mpira ule hakuhisi kitu chochote, alikuwa anaminya kama anayekanyaga kwa buti. Cha tatu kiliteleza na kuburuta seli zote zikawa mistari. Darasani kulisikika mtu akivuta pumzi. Mkaguzi alivaa miwani.

Mwalimu Karanga alimsogelea akamnong'oneza kwamba hiyo kazi inataka kidole, dada, kidole kitupu. Kisha, kwa nia njema, akatoa kitambaa chake cha jasho na kumfutia kioo. Madamu Glavu alikitazama kile kitambaa, akakitazama kioo, akakitupa kioo.

Akachukua kingine. Akavua glavu ya kulia.

Sikia, mkono ule watoto hawakuwahi kuuona. Walinyoosha shingo. Ulikuwa mkono tu. Aliweka kipande, tone la rangi, kioo, karatasi. Akashusha kidole gumba. Rangi ilipanda kupitia karatasi, baridi, ina harufu ya siki iliyokaa na nyama, ikamfikia ngozini. Chini ya kidole alihisi kitu kikikataa kidogo, kisha kikikubali. Kilikuwa laini. Kilikuwa kama lile yai changa la kuku dakika moja kabla halijapasuka. Mate yalimjaa, akayameza. Hakusogeza kidole. Machozi yalimtoka kwa kichefuchefu, yakashuka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia, akaacha yadondoke kwenye koti.

Alipoweka kioo kwenye hadubini ilimbidi aangalie kwanza yeye, kuhakikisha. Alizungusha, ukungu ukakaa sawa, na zikawa pale. Seli za mviringo zimejaa kila mahali. Ndani ya nyingine nyuzi nyekundu zilikuwa zimejipanga katikati kama watu kwenye foleni. Ndani ya nyingine nyuzi zilikuwa zimeanza kuvutwa, hizi huku, hizi kule, ncha zao bado zimegusana. Pembeni kulikuwa na seli ndogo zimekaa nnenne. Na mbali zaidi, zile zilizokwisha kukamilika, zina mikia, zimelala kwa mafungu kama nywele kwenye sabuni ya bafu.

Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kilichomshangaza ni ule mchanganyiko aliousema mwalimu: nyuzi zote rangi moja, huwezi kujua ipi ya baba, ipi ya mama. Hakuna seli iliyokuwa imegawa kwa mstari ulionyooka, hizi za baba huku, zile za mama kule. Zilikuwa zimechanganywa kama karata, na kila fungu lilikuwa na vyake. Aliwaza kwamba hata yule mzee alipata nusu yake namna hii, na aliyompa yeye ilikuwa nusu ya vurugu, bila kuchagua. Wazo hilo halikumpendeza. Lilikuwa na unyevu, kama mengine yote. Lakini lilikuwa wazo ambalo hakuwa nalo jana.

Wanafunzi walipanga mstari wakaangalia. Wengine walisema yuuu, wengine walirudi kupanga mstari mara ya pili. Yule msichana wa swali la kugusana aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akamuuliza Madamu Glavu, si mwalimu, kama na yeye alianza hivi.

"Ndiyo. Wewe, mimi, na huyu mwalimu wako."

"Inachukiza, Madamu."

"Najua."

Mkaguzi alikuwa wa mwisho. Alifunga jicho moja, akazungusha hadubini taratibu, akakaa hapo hadi mkuu wa shule akaanza kujikuna shingo. Alipoinuka alimuuliza fundi kwa nini alikuwa analia. Madamu Glavu angeweza kusema ni spiriti, inaumiza macho, na mkuu alikuwa anamkodolea aseme hivyo. Akasema ni kinyaa. Kazi hii inamtia kinyaa tangu mwanzo hadi mwisho, hakijapungua hata kidogo, na hadhani kama kitapungua.

Mkaguzi akamtazama kidole gumba, chekundu hadi kwenye kiungo. Akauliza kama mwaka ujao ataifanya tena.

"Nitaifanya. Lakini glavu nyembamba zinunuliwe za kutosha, za kuwapasua wale panzi. Na mtu asile humu ndani."

Mkaguzi akageuka akamwambia mkuu wa shule kwamba vioo vilivyopasuka amevihesabu, lakini sampuli hii ni safi, na kwa upande wake huyu athibitishwe. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kama kawaida yake, bila kupoteza maneno. Akamwambia apite ofisini mchana.

Mwalimu Karanga alifurahi kuliko wote. Alikuja na meno yote nje, amenyoosha mkono wa pongezi, una chumvi, una maganda mekundu kwenye mikunjo ya kiganja. Madamu Glavu aliuangalia ule mkono, kisha akamwonyesha sinki kwa kidevu. Akamwambia akanawe, na akitoka pale aiondoe chai yake kwenye bika. Mwalimu alibaki na mkono hewani. Wanafunzi walisubiri waone. Halafu akaenda, akafungua bomba, akanawa, mabega yakitikisika kwa kicheko, lakini alinawa.

Kengele ikalia, wote wakatoka, na viti vikabaki vimegeukia huku na kule. Juu ya meza kulikuwa na rundo la panzi wasio na mikia, wengine bado wanasogeza mguu mmojammoja, vipande vya vioo, karatasi zilizolowa rangi. Maabara ilikuwa yake sasa, na uchafu wake pia. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa. Madamu Glavu alifungua madirisha yote, akavuta pumzi kwa mdomo, akaanza kuwazoa.